Vijiko Vinne kwa Ndoo Moja ya Barafu

Vijiko vinne vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu. Hivyo ndivyo nilivyotia katika ndoo ya lita 20 ya maji ya ukwaju asubuhi moja ya Septemba 2023. Nilikoroga kwa mwiko, nikaonja, nikakuta utamu umefika pale pale ambapo siku zote ulikuwa ukifikishwa na kilo mbili za sukari. Nilifurahi. Kilo ya sukari wakati huo ilikuwa imepita shilingi 200. Viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya vilikuwa vimesimamishwa kusaga tangu Julai kwa sababu miwa ilikuwa ikikatwa kabla haijakomaa, na mimi nilikuwa nimeokoa zaidi ya shilingi 400 katika ndoo moja tu.

Naishi Umoja, Nairobi, si mbali na soko la Mutindwa. Nilifundisha hisabati na sayansi katika shule ya msingi ya umma hapa Eastlands kwa miaka 26, na tangu nilipostaafu nauza barafu mlangoni pangu. Zamani tulizigandisha katika vimfuko vyembamba vya plastiki. Marufuku ya mifuko ilipoanza Agosti 2017 nilihamia vikombe vidogo vyenye kijiti, mililita 100 kila kimoja, shilingi 10. Ndoo moja hutoa vikombe 200. Wateja wangu wengi hawajafika Gredi ya 5. Wananiita Mwalimu, na mama zao waliopitia darasani kwangu wananiita hivyo hivyo.

Ukwaju naununua soko la Marikiti, ule unaoletwa kutoka Ukambani, na yeyote aliyewahi kuuloweka anaujua ukali wake: hauridhiki na utamu kidogo. Kwa hiyo sukari ilipopanda nilibanwa kuliko muuza chai. Kupandisha bei hakukuwezekana, maana mtoto anatumwa na sarafu moja ya shilingi 10, hana nyingine. Nikaenda katika duka moja la jumla katikati ya mji kuulizia bei ya gunia, na kijana wa kaunta akanionea huruma. “Mathe, wenye barafu wote siku hizi wanatumia hii.” Akachota unga mweupe, laini kama chumvi ya mezani, akapima gramu 100, akafunga kwenye karatasi. Karatasi haikuwa na neno hata moja. Aliniambia nionje kidogo kidogo mpaka nifikie ladha ninayoitaka, na maelekezo yakaishia hapo.

Barafu ziliisha siku ile kama kawaida. Mama wawili walinishukuru waliposikia sikuweka sukari, kwa kuwa watoto wao wana meno mabovu. Aliyeniharibia furaha ni mjukuu wangu. Alikuwa na miaka minne, amelala kwangu wiki ile, na alipolamba ya pili alikunja uso. “Shosho, hii inabaki mdomoni. Ina ladha ya shilingi.” Nilicheka, kisha usiku nikalala nikiyawaza maneno yake. Kwa miaka 26 nilikuwa nikiwaambia watoto wa watu kwamba jibu lisilo na kipimo si jibu. Na mimi nilikuwa nimewalisha watoto wa mtaa mzima kitu nisichokijua jina, kwa kipimo cha ulimi wangu.

Kesho yake nilirudi dukani nikaomba kuliona gunia. Kijana aliligeuza bila ubishi. Palikuwa na majina mawili na nambari mbili: E952 na E954. Ya kwanza ni siklameti, ya pili ni sakarini. Zimechanganywa kwa kiasi gani, gunia halikusema. Mtu atumie kiasi gani kwa lita, halikusema pia.

Naomba msomaji anifuate katika hesabu, si ngumu. Wataalamu wa viongezo vya chakula hawaishii kusema kitu ni salama au si salama. Wanataja kiasi: miligramu ngapi mtu anaweza kula kila siku, maisha yake yote, kwa kila kilo ya uzito wake, bila wao kuwa na hofu. Kwa siklameti, kamati ya pamoja ya FAO na Shirika la Afya Duniani (WHO) iliweka miligramu 11. Kwa sakarini ni 5. Kwa aspatemu, ambayo ndiyo maarufu katika soda zisizo na sukari, ni 40. Mjukuu wangu alikuwa na kilo 15 kwenye kadi yake ya kliniki. Basi mpaka wake kwa siku ulikuwa miligramu 165 za siklameti, 75 za sakarini, 600 za aspatemu.

Sasa ndoo yangu. Jirani anayeoka keki ana mizani ndogo ya jikoni. Tulipima kijiko changu cha ule unga kikatoa gramu 5. Vijiko vinne ni gramu 20, ndiyo miligramu 20,000, ndani ya lita 20. Kila lita miligramu 1,000, kila kikombe 100. Mchanganyiko uliozoeleka viwandani ni sehemu kumi za siklameti kwa sehemu moja ya sakarini. Kama gunia lile lilifuata desturi hiyo, kila kikombe changu kilikuwa na miligramu 90 hivi za siklameti. Vikombe viwili, 180. Mtoto wa kilo 15 anavuka mpaka wake kabla hajamaliza kikombe cha pili, na hapo sijamhesabia juisi aliyopewa na uji asubuhi.

Niliandika hesabu hiyo nyuma ya kalenda ya jikoni, na ipo mpaka leo.

Nilisoma zaidi, na nililoliona liliniuma zaidi. Umoja wa Ulaya mwaka 2003 ulipunguza siklameti katika vinywaji kutoka miligramu 400 kwa lita hadi 250, na sababu kubwa ilikuwa watoto wadogo, kwa kuwa mtoto hunywa kingi ukilinganisha na mwili wake mdogo. Katika barafu za kula, peremende na bigijii waliiondoa kabisa. Ndoo yangu, kwa makadirio yale, ilikuwa na 900 kwa lita.

Hapa lazima niseme kwa haki, kwa sababu hofu nayo ina madhara yake na nitayafikia. Sikuwapa watoto sumu. Ule mpaka wa kila siku umewekwa mbali sana na hatari. Kwa kawaida watafiti hutafuta kiwango ambacho hakikuwadhuru wanyama wa maabara kisha hukigawanya, mara nyingi kwa 100. Mtoto akiuvuka siku moja au wiki moja haanguki. Kosa langu lilikuwa kwamba niliuvuka mpaka bila kujua upo, na ningeendelea kuuvuka kila siku ya jua mpaka watoto wale waingie sekondari.

Historia ya unga huu inafundisha kwamba hata wasomi wanapima, wanakosea na wanapima tena. Sakarini iligunduliwa 1879 katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na mkemia aliyesahau kunawa mikono akala mkate ukawa mtamu. Karibu miaka 100 baadaye, 1977, Marekani ilitaka kuipiga marufuku kwa sababu panya waliolishwa kwa wingi walipata saratani ya kibofu. Ikaachwa madukani lakini na onyo kwenye pakiti. Mwaka 2000 ikaondolewa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, baada ya kubainika kwamba yaliyowapata panya wale yalitokana na mkojo wao ulivyo, na binadamu hayuko hivyo. Siklameti nayo ilipigwa marufuku Marekani kuanzia 1969 na haijarudi huko, ilhali Ulaya inairuhusu kwa kipimo. Pande mbili zenye maabara bora, kitu kile kile, majibu mawili. Mzazi wa Kayole akisema amechanganyikiwa, simlaumu.

Na Julai 2023, miezi miwili kabla ya ndoo yangu, mkanganyiko huo ulifika kwenye chama chetu. Tunakutana Jumapili, wanawake 14, na siku ile simu zilikuwa zikipokezana sauti ya mtu aliyesema WHO imethibitisha kwamba soda za watu wa sukari zinaleta saratani. Mwenzetu mmoja ana ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Alikuwa akitia kidonge kimoja cha aspatemu katika chai. Jioni ile alikitupa kikopo chake, akarudi kwenye vijiko viwili vya sukari kwa kila kikombe, vikombe vinne kwa siku. Alisema afadhali kufa kwa kitu alichokizoea. Baada ya wiki tatu alianza kuona ukungu, na alipopimwa sukari kidoleni mashine ilisoma 18, kiwango cha juu mno.

WHO ilisema nini hasa? Tarehe 14 Julai mwaka ule taasisi mbili zilitoa kauli siku moja. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka aspatemu katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani kwa binadamu, kwa ushahidi walioueleza wenyewe kuwa ni finyu. Kamati ile ya viongezo vya chakula ikapitia ushahidi huo ikaacha kipimo kilivyokuwa, miligramu 40. Wakatoa na mfano: mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 ya soda hiyo kwa siku ndipo auvuke mpaka, kama hana aspatemu nyingine anayoila. Kidonge cha mwenzangu hakifiki hata kopo moja kwa siku.

Kuna jambo jingine lililopotea njiani. Mwezi Mei mwaka huo huo WHO ilikuwa imeshauri watu wasitegemee viongeza utamu hivi kupunguza uzito, kwa kuwa kwa muda mrefu havionekani kusaidia. Huo ni ushauri mzuri na ningependa kila mama anayemnunulia binti yake soda ya kopo jeusi ili apungue ausikie. Lakini ushauri ule ulisema wazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana ugonjwa wa sukari. Mwenzangu alikuwa ametajwa kando kwa makusudi na wataalamu, na sauti ya simu ikamrudisha ndani.

Makundi ya IARC yanahitaji kuelezwa kwa lugha ya mtaa, maana yanaeleweka vibaya kila mara. Yanasema wataalamu wana uhakika kiasi gani kwamba kitu kinaweza kuleta saratani. Hayasemi kitu hicho kina hatari kubwa kiasi gani. Katika kundi hilo hilo la 2B kuna dondoo la jani zima la mshubiri, na shubiri ninaijua inauzwa kwa chupa Gikomba kama dawa ya kila kitu. Katika kundi la 1, ambako hakuna shaka tena, ipo nyama iliyosindikwa tangu 2015. Yaani soseji, yaani smokie pasua yenye kachumbari ambayo watoto hununua kila kona kuanzia Buruburu hadi Dandora. Ipo pia sumukuvu ya kwenye mahindi. Na sumukuvu kwetu si habari ya maabara. Mwaka 2004 iliua watu 125 Makueni, Kitui na majirani zao. Novemba 2019 Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa (KEBS) likasimamisha aina tano za unga wa ugali, na Januari 2020 likaongeza nyingine 17. Mimi mwenyewe nilikuwa na pakiti moja kabatini. Sikumbuki mtu wa chama chetu aliyetupa unga kwa hofu kama ile aliyotupia mwenzetu vidonge.

Sisemi hivyo ili kuvipuuza viongeza utamu. Nasema mizani yetu ya hofu imeharibika, na najua nani alisaidia kuiharibu. Juni 2018 sukari ya magendo ilikamatwa Eastleigh, na aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang’i, akasema ina zebaki na shaba. Kwa siku kadhaa hapa Umoja watu walikunywa chai isiyo na sukari. Kisha maafisa wengine wa serikali ile ile wakapingana hadharani kuhusu hiyo zebaki. Kamati za Bunge zikachunguza, na Agosti wabunge wakaitupa ripoti, huku madai ya hongo yakitanda. Hakuna aliyerudi kutuambia: sukari uliyonayo jikoni, mama, ina hiki kwa kiasi hiki, ile au usile. Tukarudi kunywa. Mei 2023 tukasikia tena: magunia 20,000 ya sukari iliyokwisha kutangazwa haifai kuliwa, iliyoingia nchini 2018, yametoka kwenye ghala Thika kinyume cha sheria, na maafisa 27 wamesimamishwa kazi. Ilipaswa kugeuzwa ethanoli ya viwandani. Nani aliila, mpaka leo sijui. Mtu aliyetishwa mara mbili kisha akaachwa bila jibu huchukua moja kati ya njia mbili: huogopa kila kitu au haogopi chochote. Wote wawili ninao kwenye chama.

Sukari safi yenyewe sitaitetea. Nimeona madarasa mazima ya watoto wenye meno ya mbele meusi. Tangu 2015 WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata kwa chakula, na ikiwezekana nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi kwa siku. Soda moja ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30. Barafu yangu ya zamani ilikuwa na gramu 10 kwa kikombe, vijiko viwili kwa mtoto wa kilo 15, na nyingine jioni, maana mchovya asali hachovyi mara moja. Basi mama aliyenishukuru kwa kuacha sukari alikuwa na sababu. Hakuna upande safi katika jambo hili, kuna kiasi tu.

Na kiasi ndicho tunachonyimwa. Baada ya siku ile nilitoa nje kila chupa na pakiti ya kitamu iliyokuwa jikoni mwangu na mwa binti yangu: juisi ya kuchanganya na maji, yogati ya rangi ya waridi, unga wa kinywaji cha maembe, bigijii, biskuti, jemu, soda ya kopo. Nilivaa miwani, nikachukua na kioo cha kukuza. Nne kati ya saba zilikuwa na kiongeza utamu kimoja au zaidi, na tatu kati ya hizo zilikuwa na sukari pia, jambo ambalo mwanangu hakulijua kwa miaka yote aliyonunua. Yote yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kuliko chawa, mengine kwa nambari tupu za E. Hakuna hata moja iliyosema ni miligramu ngapi. Juisi ilieleza ichanganywe na maji kiasi gani, lakini watoto wetu wanaipenda nzito, na nyumba nyingi huimimina kwa jicho. Ukiipunguzia maji nusu, umeongeza kila kilichomo karibu mara mbili, na hujui umeongeza nini.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Nikiunganisha vifungu hivyo viwili, kama mwalimu na kama bibi, sioni kwa nini chupa inayouzwa kwa shilingi 50 Mathare isiandikwe kwa Kiswahili: kinywaji hiki kina kiongeza utamu fulani, miligramu kadhaa kwa kikombe, mtoto wa kilo 15 asizidishe vikombe vingapi. Wenye viwanda wanajua kiasi wanachotia, la sivyo ladha ingebadilika kila wiki. KEBS iwaagize wakiandike. Gharama yake ni wino.

Ule unga wa kupimiwa dukani ndio unaonitisha zaidi. Uchumi wetu ni wa kadogo, tunanunua mafuta ya kupikia kwa kikombe na majani ya chai kwa kijiko, na sioni aibu kwa hilo. Lakini mafuta yakipimwa yanabaki mafuta, na mtu akizidisha anayaona. Huu unga haujionyeshi. Kijiko kimoja zaidi katika ndoo hakibadilishi rangi wala uzito, na ulimi ukishazoea unataka zaidi. Mtu asiuzwe gramu 100 bila karatasi yenye jina, uwiano, na kipimo kwa lita. Na wakaguzi wakianza kazi hiyo, naomba waanzie kwenye maghala na maduka ya jumla. Nawajua kanjo, askari wa jiji. Wakisikia neno barafu watakuja na lori kuchukua friza za wajane, na gunia litabaki pale pale mjini likisubiri mteja mwingine. Afisa wa afya ya umma anayepita kwetu huangalia cheti cha afya, ambacho tunapimwa na kukilipia kila miezi sita. Huangalia kucha, choo na maji, na anafanya vyema. Katika miaka yote hakuniuliza hata mara moja: Mwalimu, umetia nini humu, na kiasi gani? Swali hilo halihitaji maabara, linahitaji kuongezwa kwenye fomu yake.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu sina la kupima. Ulaya hairuhusu viongeza utamu hivi katika vyakula vinavyotengenezwa kwa ajili yao, na mtoto ambaye hajajua utamu mkali hauhitaji. Uji wa wimbi wenye ndizi mbivu iliyopondwa ni mtamu kwake. Sisi ndio tunaouonja na kusema haujakolea.

Mwenzangu wa chama alirudi kwa daktari wake na amerudi kwenye kidonge, kimoja kwa kikombe, na vikombe amevipunguza hadi viwili. Nilimwandikia hesabu yake kwenye karatasi, kilo zake 68 mara 40, akaibandika ndani ya kabati ya vikombe. Anasema humtuliza kuiona.

Na mimi nilirudi kwenye sukari, kilo moja kwa ndoo, nusu ya zamani. Msimu wa maembe nachanganya ukwaju na maembe yaliyoiva sana, yale ambayo wauzaji wa Marikiti hushusha bei jioni, na ukali unapungua wenyewe. Wiki ya kwanza watoto walinung’unika. Ndoo iliyokuwa ikiisha kwa siku moja ilichukua siku mbili, na mwezi ule nilichelewesha mchango wa chama. Sasa wamezoea. Unga uliobaki, gramu 80, uko kwenye chupa ya kioo juu ya kabati, na jina lake nimeliandika kwa wino mwekundu.

Kwenye mlango wa friza nimebandika karatasi: Ukwaju, maembe, maji, sukari kilo 1 kwa lita 20. Msichana mmoja wa Gredi ya 5 aliisoma akanyamaza kimya, kisha akaniuliza chake kina kiasi gani. Nikamwambia vikombe ni 200, apige hesabu. Alihesabu midomo ikicheza, halafu akaandika kwa kidole juu ya ukungu wa friza: 5.

“Gramu tano, Mwalimu. Kijiko kimoja.”

Nikamwambia ndiyo. Siku iliyofuata alikuja na chupa ya juisi ya kwao, iliyobaki robo, ili tupige hesabu yake pia. Tuliketi kwenye ngazi, tukavaa miwani yangu kwa zamu, tukaizungusha chupa mara tatu. E952 ilikuwepo. Tulitafuta ni kiasi gani, tukaikosa nambari hiyo.